Nimetoka Karume, Jumatatu naanza dukani: nguo zikiibiwa nitalipa mimi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Tabata. Tangu nimalize kidato cha nne nauza mitumba na mama yangu pale Karume, Ilala. Tunafungua belo la blauzi na magauni, tunachambua, tunanyoosha, zile kali tunatundika mbele, zilizobaki tunamwaga chini kwa bei ya jero na buku. Soko lilipoungua Januari 2022 mzigo wetu wote uliteketea, tukaanza upya kwa kukopa. Kwa hiyo nguo nazijua, ndizo zilizonilea.

Mwezi uliopita shoga yangu aliniambia kuna duka kubwa la nguo kwenye jengo moja la maduka hapa Dar linatafuta wauzaji. Nikapeleka barua, nikaitwa kwenye usaili, nikapata. Nimepangiwa kitengo cha nguo za wanawake na watoto. Ijumaa naenda kusaini mkataba, Jumatatu naanza.

Furaha ninayo, Mama, lakini usingizi sipati. Kwenye usaili nilisema nina uzoefu wa miaka sita katika duka la nguo. Sikutaja mtumba. Naogopa siku wakijua wataniona mwongo, au wenzangu watanicheka. Halafu mkataba walionipa nikausome nyumbani una sentensi inayosema wafanyakazi wa kitengo "watachangia thamani ya bidhaa zitakazopotea". Jirani yetu aliwahi kufanya kazi supamaketi, ananiambia kuna miezi alipokea nusu ya mshahara kwa sababu ya wizi wa wateja. Mimi nitawezaje kulinda nguo za duka zima?

Jingine ni mashine ya malipo. Kwetu hela inaingia kwenye mkoba wa kiunoni na hesabu iko kichwani. Na kuna mashoga zangu, wameshaanza kunitumia picha za magauni wakisema "utatutolea kwa bei ya ndani". Hata mama ananiambia zile zinazobaki baada ya punguzo niziombe, tukaziuze kibandani.

Nivae nini siku ya kwanza? Nijiandae vipi? Nisaidie kabla ya Ijumaa.

Binti wa Karume

---

Marahaba mwanangu, na hongera. Wewe umeanza na mtumba, lakini mimi naanza na mkataba, kwa sababu ndio wenye tarehe.

Sentensi hiyo usiisaini kabla hujaiuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaeleza ni lini mwajiri anaweza kukata mshahara kufidia hasara. Lazima uwe umekubali kwa maandishi, lakini kukubali peke yake hakutoshi. Hasara iwe imetokea katika kazi na kwa kosa lako. Mwajiri awe amekuandikia kueleza ilivyotokea, ni kiasi gani na amepigaje hesabu. Awe amekupa nafasi ya kupinga. Asikudai zaidi ya hasara yenyewe, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako wa fedha.

Hapo pa "kosa lako" pasome mara mbili. Blauzi iliyotoka mlangoni ndani ya pochi ya mteja wakati wewe uko stoo unamtafutia mteja mwingine saizi yake, hilo si kosa lako. Wala si kosa la "kitengo". Kitengo hakina mshahara wala watoto wa kulisha. Ukisoma neno hilo kwenye mkataba ujue kuna mtu anataka hasara igawanywe bila kumtafuta aliyeisababisha. Na jirani yenu aliyepokea nusu, mwambie nusu ni zaidi ya robo, hata kama kosa lingekuwa lake kweli.

Ijumaa usiende na sauti ya ugomvi. Mwambie ofisa rasilimali watu: "Nimesoma mkataba, nimeuelewa, naomba tu sentensi hii iongezewe maneno 'kwa mujibu wa kifungu cha 28'." Maneno hayo ni machache na mwajiri mwenye nia njema hana sababu ya kuyakataa. Akiyakataa, uliza utaratibu wao ukoje: nani anachunguza mali ikipotea, na mfanyakazi anajieleza kwa nani. Majibu yake yatakuonyesha duka unaloingia ni la namna gani. Sitakwambia uikimbie kazi kwa sababu ya sentensi moja, maana najua nyumbani kukoje. Ukiamua kusaini, ondoka na nakala yako siku hiyo hiyo. Mkataba hauna nguvu ya kuipita sheria, na wakikukata kinyume nayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Mgogoro wa namna hiyo unapelekwa ndani ya siku 60, usikae nao moyoni mwaka mzima. TUICO nacho ni chama cha wafanyakazi kinachogusa biashara kama hizo. Uliza kama kina tawi dukani kwenu.

Ukiwa na mkataba mkononi angalia na haya. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na kazi haizidi siku sita. Za ziada mnakubaliana, na zinalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una saa moja ya kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wasikukate zaidi ya asilimia 10, na inayobaki ili ifike 20 ni ya mwajiri. Kuna moja wauzaji wengi hawalijui: kuanzia saa mbili usiku sheria inahesabu ni kazi ya usiku, na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Maduka ya kwenye majengo hayo hufunga saa tatu, mengine saa nne. Ni fedha ndogo, lakini ni yako.

Tukirudi kwenye mtumba. Ulisema "duka la nguo". Kibanda cha Karume kinauza nguo, kina wateja, kina mali inayoingia na kutoka, na kimekulisha. Mimi sioni uongo. Uongo ungekuwa kama ulijaza kwenye fomu jina la duka ambalo halipo. Kama ulifanya hivyo, Ijumaa omba fomu urekebishe kabla mtu hajauliza. Kama ni mdomo tu, siku ukiulizwa "lilikuwa wapi?" jibu "Karume, na mama yangu", kisha nyamaza. Wala usijieleze kwa dakika tano kama mshtakiwa. Tena jiandae: wiki ya kwanza tu atatokea mteja wa Karume, akuone kwenye sare, apige kelele "heee, mama Fulani yuko wapi siku hizi!" Mchangamkie, mwulize hali, muuzie. Wenzako wakiona unavyomjua mteja kwa saizi na rangi anazopenda watakuonea wivu kidogo.

Maana kuna kitu unacho ambacho hakifundishwi kwa wiki moja. Mkono wako unajua pamba na poliesta bila kusoma lebo. Umeshika maelfu ya nguo za nchi mbalimbali, na lebo zake umeziona. Sasa zipange kichwani. Gauni la Uingereza linaandikwa 12, la Marekani 8, la Ufaransa mara nyingi 40, Ujerumani 38, Italia 44, na mwanamke wa kulivaa ni yule yule. Nguo za China zina lake: L mara nyingi humkaa mtu wa M, kwa hiyo amini futi kamba kuliko herufi. Nguo za watoto za Ulaya zina namba kama 104 au 116. Huo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, 116 ni kama wa miaka sita. Ukimweleza mama hivyo ataacha kubahatisha. Ila ujue mama zetu hununua kubwa makusudi ili mtoto aivae Idi hii na ijayo, na hapo usibishane naye.

Jifunze pia vile vipicha vidogo ndani ya nguo. Bakuli la maji ni kufua, na namba iliyomo ni joto la juu la maji. Pembetatu ni jiki, mraba ni kukausha, duara ni nguo ya kusafishwa kwa dawa kwa dobi. Pasi yenye nukta moja ni joto dogo, nukta tatu ni joto kali. Kikipigwa alama ya X, basi hairuhusiwi. Mteja akija na blauzi ya viskosi iliyonywea anasema mmemuuzia kitu feki, utaweza kumwonyesha kwa upole ilivyoandikwa. Bora zaidi umwonyeshe siku anaponunua.

Kinachobadilika ni bei. Karume bei ni mazungumzo, na wewe ndiye mwenye mali. Dukani mali si yako na bei imeandikwa. Wateja wataomba upunguze, tena wengine kwa kukubembeleza kweli: "dada, mimi mteja wako, toa hata elfu tano." Muuzaji mgeni hujibu "bei ndiyo hiyo" na kugeuka, mteja anaondoka amenuna. Wewe sema: "Hii haipungui, lakini njoo nikuonyeshe inayofanana nayo ya bei nafuu." Ujue kila asubuhi ni nguo gani ziko kwenye punguzo na punguzo linaisha lini. Hayo ndiyo mazungumzo uliyobakiziwa, na anayejua kuongea bado anauza.

Punguza na sauti. Sokoni tunaita, dukani mteja anataka kwanza aangalie. Akisema "naangalia tu", mwambie karibu, sogea mbali kidogo, endelea kukunja nguo. Mwangalie mikono. Akishaishika nguo ile ile mara ya pili, au akiiweka kifuani mbele ya kioo, hapo nenda. Usimwulize "nikusaidie?" kwa sababu jibu lake ni hapana. Mwulize anaivaa wapi. Akikwambia ni sendoff na rangi ya kamati ni kijani, umeshajua rangi, urefu, na kwamba anahitaji na viatu na pochi.

Kuna tabia moja ya sokoni uiache Karume, nayo ni kusema miili ya watu. "Dada umenenepa, hii haikutoshi" kule ni utani, mnacheka wote. Kwenye chumba cha kujaribia, mbele ya kioo na taa kali, maneno hayo yanauma. Sema nguo imekatwa ndogo, maana mara nyingi ni kweli, kisha mletee saizi ya juu bila kuitangaza kwa sauti.

Hofu yako ya wizi nimeielewa, na dawa yake kubwa ni kuhesabu. Mteja akiingia kujaribu, hesabu nguo mbele yake, akitoka hesabu tena. Usione haya, mwenye nia njema hakasiriki. Ukiona hanga tupu mahali isipotakiwa kuwa, au lebo ya bei imedondoka chini, mwambie msimamizi muda ule ule. Mteja unayemshuku usimfuate wala kumpekua, hiyo ni kazi ya walinzi. Wewe msogelee umsalimie, umwulize anatafuta nini. Mwizi hapendi kuangaliwa usoni.

Mashine ya malipo inatisha siku mbili tatu, kisha inakuwa kama simu. Yenyewe inasoma ile mistari kwenye lebo na kupiga hesabu. Linalowaponza wauzaji ni mengine. Kabla hujaanza shifti, hesabu pesa ya chenji kwenye droo mkiwa wawili, muandike, msaini wote. Ukiondoka hata kwenda chooni, funga droo na utoke kwenye mashine. Namba yako ya siri usimpe mwenzako hata kama ni rafiki na foleni ni ndefu. Kila atakachokifanya kitaandikwa kwa jina lako, na hapo ndipo lile neno "kosa lako" linapokuja kukaa vizuri. Kufuta mauzo au kurudisha hela, mwite msimamizi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mpe kila mteja, hata anayesema haitaki.

Na malipo ya simu: mteja akilipa kwa Lipa Namba akakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, usiuamini. Ujumbe mtu anaweza kujiandikia. Subiri uthibitisho uingie upande wa duka, hata kama ana haraka na anagonga kaunta kwa ufunguo wa gari. Wenye ufunguo wa gari waangalie zaidi.

Mashoga zako sasa. Wajibu wote mara moja, wiki hii, kabla hujaanza: "Karibuni dukani, nitawahudumia, bei ni ya kwenye lebo." Ukichelewa, kila mmoja atakuja na ahadi aliyojipa mwenyewe. Duka likiwa na punguzo la wafanyakazi, soma linamhusu nani, maana kwa kawaida ni kwa ajili yako tu. Ukimnunulia shoga kwa punguzo lako unaweza kufukuzwa kazi kwa gauni ambalo hata hukulivaa. Ukinunua chochote, lipa kwa mwenzako, usijipigie mwenyewe kwenye mashine, na risiti itunze kwenye pochi mpaka ufike nyumbani. Mizigo ya wafanyakazi hukaguliwa wakati wa kutoka. Beba pochi ndogo, na usiende kazini na nguo mpya ya duka lile lile bila risiti.

Na mama yako. Mwanangu, hapa uwe imara kwa adabu. Nguo za dukani kwenu zikionekana zimetundikwa kibandani Karume, hata kama mlizinunua kihalali, nani ataamini? Muuzaji aliyeajiriwa ambaye mama yake anauza bidhaa zile zile, hata mimi ningeuliza maswali. Mweleze hivyo hivyo, anajua biashara, ataelewa kuliko unavyodhani. Nahisi hata ombi lake lina kingine ndani: miaka sita mmefungua belo pamoja, sasa abaki na nani? Ukishapata ratiba ya shifti, mpangie siku yako ya mapumziko au asubuhi ambayo unaingia mchana, muende mkachambue mzigo wote. Hilo unaweza kumpa bila kumhatarisha yeyote. Mwombe tu asikutegemee wiki za kabla ya Idi, Desemba, wala Januari shule zinapofunguliwa. Siku hizo kitengo cha watoto hakikuachii.

Nguo ya siku ya kwanza: kama hujapewa sare, vaa suruali nyeusi au sketi inayovuka magoti, na blauzi isiyo na maandishi. Isiwe ya kubana, utainama na kupanda ngazi siku nzima. Piga pasi, wewe unajua. Marashi machache, nguo za duka hunyonya harufu. Fedha yako itumie kwenye kununua viatu. Nunua vilivyofunika vidole, soli ya mpira, visivyo na kisigino kirefu, na uvijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyokuwa saa kumi jioni kazini. Vivae nyumbani Jumamosi na Jumapili, usivizindue Jumatatu. Kula kabla ya kutoka, na chupa ya maji ibaki kwenye kabati lako.

Jumamosi fanya safari ya majaribio kwa saa ile ile utakayotakiwa kufika, ili ujue daladala inakula muda gani. Kisha uliza usafiri wa kurudi Tabata ukifunga usiku. Kama ni wa shida, ulizia dukani nani anakwenda njia hiyo, mtagawana bajaji.

Ijumaa beba kitambulisho cha NIDA, vyeti, namba ya NSSF kama unayo, picha ndogo, na kalamu yako mwenyewe. Na kama kweli watakubali kuongeza maneno ya kifungu cha 28, hakikisha yameandikwa kwenye nakala zote mbili na pande zote mmesaini pembeni yake.